Kujitia Hamnazo

Alhamisi, Oulu. Theluji imefika usawa wa dirisha la jiko,
na sisi watano tumeizunguka meza ya Ilpo:
kahawa, mkate wa iliki, dadu zimezagaa kama meno ya utotoni.
Mimi ni Kurre, mpiga mishale, miaka kumi na tisa,
hajui kusoma, anaogopa mbwa,
na usiku huu ana kiu.

Mimi mwenyewe nina hamsini na miwili.
Najua kusoma. Nasoma hata yasiyonihusu.

Nilikuwa nimekwenda msalani.
Ukuta wa msalani kwa Ilpo ni mbao tupu, haujafundwa kutunza siri;
nikamsikia akinong'ona ukumbini:
"Sumu unaitia kwenye kiriba, si kwenye kikombe?"
Na Taisto, polepole, kama aagizaye samaki sokoni:
"Kwenye kiriba."

Nikanawa mikono mara mbili.
Nikarudi, nikaketi, nikajitia hamnazo.

Si kazi ndogo, kutojua.
Mjinga hatozwi kitu kwa ujinga wake;
ila ajuaye, akaamua kutojua,
hulipa ushuru kwa kila pumzi.
Uso, nyamaza. Mkono, usisite.
Jicho, kitazame kiriba kama kiriba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mwizi.
"Ghafla," nilisema siku moja, "Kurre anaunusa mlango."
Kwa nini anaunusa?
"Ana mazoea."
Mazoea yaliyozaliwa dakika ileile!
Venla alicheka hadi kahawa ikamtoka puani.
Ilpo hakucheka, nyuma ya ngome yake ya kadibodi:
"Aliyenusa ni wewe. Yeye hana pua yako."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walinena,
lakini Kurre hana wahenga.
Alizaliwa kwa penseli juu ya karatasi,
na alijualo ni hili tu:
mwezi wa Machi, mto umefurika, yeye ana homa,
na mtu huyu, huyu wa Taisto, mwenye kovu shingoni,
alimbeba mgongoni hadi ng'ambo.
Basi ningempa ushahidi gani dhidi ya mgongo ule?

"Kurre anafanya nini?"
"Anakunywa," nikasema.
Wenzangu kimya.
"Anakunywa, tena anasema ahsante."

Nikarusha. Nne.
Nne haitoshi.

Ninalo jingine, nalo halikupitia ukutani.
Asubuhi ile, maabara ya hospitali, zamu yangu:
kichupa kama vichupa vingine, damu kama damu,
na kwenye stika, jina la Taisto, jina la baba yake.
Mashine ikatema tarakimu.
Nimezisoma tarakimu za namna hiyo miaka ishirini na sita,
hazihitaji kukalimaniwa.
Nilikula kiapo. Kiapo hakina nyuso ishirini,
hakirushwi, hakiombewi bahati.
Nililitundika koti jeupe msumarini
nikadhani nimelitundika na hilo nilijualo.
Halikukaa. Lilipanda basi nami,
likavua viatu mlangoni kwa Ilpo,
likala mkate wa iliki.

Kurre alikufa saa nne kasorobo.
Taisto ndiye aliyemfumba macho, kwa maneno,
sauti imemkauka, akitazama chini.

Ukumbini, tukivaa mabuti, akasema:
"Ulijua."
Sikuelewa anauliza lipi.
Jumatatu ana miadi na daktari; kaniambia mwenyewe,
wiki iliyopita, akipepesa mkono: uchunguzi wa kawaida tu.

"Kurre hakujua," nikamjibu. "Alikuwa na kiu."

Alicheka kidogo.
Nje baridi ilikuwa ya kuvunja meno.
Nikamsaidia kukwangua barafu kwenye kioo cha gari,
nikakwangua, nikakwangua,
hata pale palipokwisha kutakata.